Je, wajua kwa nini mtoto hufundishwa kuvaa kaptula kuanzia mwisho?

Mtoa tiba kwa vitendo, yaani mtaalamu anayemsaidia mtu kumudu kazi za kila siku, anapomfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo (hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kuongoza misuli) kuvaa kaptula, mara nyingi humwingiza miguu yote miwili, akaipandisha nguo hadi mapajani, kisha akaacha. Mtoto anabakiwa na kazi moja: kuivuta mpaka kiunoni. Anayetazama anaweza kuona kama mtoto amefanyiwa kila kitu.

Wengi hudhani tiba hii ni kuimarisha misuli kwanza. Mtoto aminye mpira, anyooshwe vidole, akandwe mikono. Nguvu zikipatikana, kijiko na vifungo vitafuata. Ubongo haujifunzi hivyo. Anayeminya mpira kila siku huwa hodari wa kuminya mpira. Kula kwa kijiko kunadai mengine: kukadiria uzito wa uji, kugeuza kifundo cha mkono ili uji usimwagike, kufungua mdomo kwa wakati. Hayo hupatikana kwa kushika kijiko chenye uji.

Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia na wenzake walichapisha mapitio ya ushahidi kuhusu tiba 64 kwa watoto hao. Mazoezi ya kitendo chenyewe, yenye lengo mahususi, yalikuwa miongoni mwa yenye ushahidi thabiti. Kunyoosha viungo kwa mikono hakukuwemo. Hii haina maana kwamba nguvu si kitu, na wapo watoto wanaohitaji fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) sambamba. Lakini kungoja misuli iwe tayari ndipo kaptula ifundishwe ni kumchelewesha mtoto bure.

Sasa, kwa nini mwisho? Mtoto akianza mwanzo, hukwama katikati na mama humalizia. Sehemu yake huishia penye kushindwa. Akipewa hatua ya mwisho, kila jaribio huishia kaptula ikiwa imevaliwa, na aliyeivaa ni yeye. Akishaizoea, nguo huachwa magotini; baadaye kwenye vifundo vya miguu. Ni kama kumzoesha mtoto njia ya kurudi nyumbani. Kwanza unamwachia kwenye kona ambapo geti lao linaonekana. Akizoea, unamwachia dukani, na kutoka hapo anaijua kona. Halafu msikitini, na kutoka hapo analijua duka. Kila mara kipande kigeni ni kimoja tu, tena kinakuja angali na nguvu. Mbele yake kote ni kunakojulikana. Utaratibu huu unapendeza sana kwa jinsi ulivyo mwepesi.

Hata hivyo, tafiti zilizolinganisha kuanzia mwanzo na kuanzia mwisho hazikutoa mshindi mmoja. Wapo watoto wanaoshika haraka zaidi wakianzia mwanzo, au wakifanya kitendo kizima kwa kuelekezwa, kwa hiyo mtaalamu mzuri hubadilisha mtindo akiona mtoto hasogei.

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, kwenye kuvaa kwa kweli, na wakati wa kuoga jioni unafaa kwa mazoezi kuliko asubuhi ya haraka. Kama upande mmoja wa mwili ni dhaifu, mkono dhaifu huingia kwanza kwenye shati na hutoka mwisho, maana mkono wenye nguvu ndio unaoweza kujipinda kuifuata nguo.