"Watoto wote wamejaza, hakuna aliyeuliza"

"Dodoso tumeshalijaribu. Watoto wote wamejaza, hakuna aliyeuliza." Maneno haya nimeyasikia tena juzi, kwa mteja anayetaka kujua wanafunzi wa darasa la tano wa Ilemela, Mwanza, wanaogopa kiasi gani kuonekana hawajui. Jamani, tuyaache. Darasa kunyamaza si dalili ya kuelewa, na kwa mada hii kimya ndicho cha kutiliwa shaka zaidi. Mtoto anayeogopa kuonekana hajui atanyoosha vipi mkono mbele ya wenzake aseme swali hajalielewa? Atazungushia jibu lolote, atarudisha karatasi. Hofu ileile unayoipima ndiyo inayokuficha ubovu wa swali lako.

Mimi hukaa na mtoto mmoja mmoja kivulini, mbali na mwalimu wake. Namsomea swali, anajibu, kisha namwambia: "Hebu nieleze kwa maneno yako, hapa wanauliza nini?" Halafu: "Ulikuwa unawaza nini ulipochagua hilo?" Simuulizi "umeelewa?" hata siku moja, maana atasema ndiyo. Na kabla ya yote namwambia kwamba leo tunasahihisha maswali, hatumsahihishi yeye. Akishaamini hilo, anaongea.

Chukua sentensi iliyokuwa kwenye dodoso la PISA 2018, utafiti wa kimataifa wa elimu, waliyopewa wanafunzi wa miaka 15 katika nchi nyingi: ninaposhindwa, huwa na wasiwasi wengine wananifikiriaje. Kiswahili chake hakina kasoro. Ila kwa mtoto wa Igogo, hapo Mwanza mjini, kushindwa ni timu yake kufungwa, ni kufeli mtihani, ni ndoo ya maji kumlemea. Na hao wengine ni akina nani: wenzake watakaomcheka, mama yake, au mwalimu mwenye fimbo? Hofu ya fimbo si hofu ya kuonekana mjinga, lakini zote mbili zitaingia kwenye safu moja ya takwimu zako. Kwa watoto wadogo naona ni heri kuwapa tukio: mwalimu amekuita ubaoni, hesabu yenyewe huijui, darasa zima linakutazama, unaogopa nini zaidi?

Ukanushi ufutwe kabisa. "Siogopi kuulizwa darasani: ndiyo au hapana?" Mmoja anajibu hapana, yaani haogopi. Jirani yake anajibu hapana, yaani si kweli, anaogopa. Kiswahili chetu kinawaruhusu wote wawili, na wewe huna namna ya kuwatofautisha.

Wengine hunijia na tafsiri ya Kiswahili iliyorudishwa kwa Kiingereza ili ilinganishwe na dodoso la asili, wakidhani kazi imekwisha. Hiyo imekagua maneno. Mtoto bado hajasikilizwa. Vikatuni vya nyuso vya kuchagulia jibu navyo havitibu swali bovu, kwani wadogo huchagua uso unaocheka kwa sababu wameupenda. Na huhitaji watoto mia: zungumza na watano hadi kumi, rekebisha, kisha rudi kwa wengine.

Wala usijaribie mjini peke yake kama utafiti ni wa visiwani. Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, wapo watoto ambao nyumbani huongea Kikerewe au Kijita, na Kiswahili cha dodoso kwao ni cha shuleni. Kwa hiyo weka nauli ya meli ya kwenda Nansio, mji wa kisiwa hicho, kwenye bajeti, mara mbili: safari ya kuyasikiliza majibu, na safari ya kurudi na maswali yaliyorekebishwa.