Njaa Kuu ya Ayalandi: viazi vilioza, oti ikapakiwa melini

"Chakula kilikwisha nchini," husema wengi kuhusu njaa hiyo. Sivyo. Kilichooza kuanzia 1845 ni viazi. Nafaka ya oti, siagi na ng'ombe waliendelea kuvushwa kwenda Uingereza, maana mkulima mpangaji aliuza nafaka alipe kodi ya shamba, huku familia ikiishi kwa viazi. Kibarua mzima alikula kilo tano na zaidi kwa siku. Lakini nao wanaosema kuzuia meli tu kungetosha wanatia chumvi. Mwaka 1847 nafaka iliyoingia ilizidi iliyotoka, ila ilichelewa, na mwenye njaa hakuwa na pesa ya kuinunua.

"Ulikuwa ugonjwa wa kuvu." Phytophthora infestans, iliyoozesha viazi hivyo, hufanana na kuvu, ila kinasaba iko karibu zaidi na mwani. Mkulima wa viazi mviringo kule Njombe anaijua: ndiyo iletayo bakajani chelewa. Hupenda ubaridi na majani yaliyolowa. Mvua huosha mbegu zake hadi kwenye viazi udongoni, na shamba la kijani huweza kuwa jeusi kwa siku chache. Maskini wengi walipanda aina moja, Lumper, na kwa kuwa kiazi hupandwa kwa kiazi, mimea yote ilikuwa ya damu moja. Ulioangusha mmoja uliangusha yote.

"1847 ndio mwaka ugonjwa ulipokuwa mkali zaidi." Hapa hata wasomaji wazuri huteleza. Mwaka huo viazi vilitoka vizima, ila vilikuwa vichache mno: mbegu zilishaliwa.

Na wengi wa wale milioni moja hivi waliokufa hawakufa kwa tumbo tupu pekee. Waliuawa na maradhi kama homa ya chawa na kuhara damu, yaliyoenea upesi penye msongamano, kama kwenye nyumba za umma za kuhifadhi maskini.

"Serikali ya London, iliyotawala Ayalandi, ilikaa tu." Ilitenda, kisha ikaharibu. Mahindi yaliyoagizwa Marekani na Waziri Mkuu Peel yalikuwa magumu kama kokoto, yakitaka kusagwa mara mbili. Walioyala bila kuiva vizuri waliharisha. Majiko ya supu yalilisha watu wapatao milioni tatu kwa siku Julai 1847, na baada ya miezi michache yakafungwa. Sheria ya Juni mwaka huohuo ikamnyima msaada yeyote mwenye shamba linalozidi robo ekari, mpaka aliachie. Aliyeliachia alipata uji, na mwenye ardhi akapata shamba.