'Rip off': maana na matumizi yake

Mzungumzaji wa Kiingereza akilalamika "I got ripped off", hakuna kilichochanika. Anasema amepigwa: kalanguliwa bei, au kalipa akapewa kitu kisicholingana na pesa yake. Hiyo ndiyo maana inayosikika zaidi mitaani. Kitenzi rip ni kurarua, na maana ya asili ingalipo: "he ripped off the label", alibandua lebo kwa nguvu, basi.

Zipo nyingine mbili: kuiba, hasa kwa Wamarekani, na kuiga kazi ya mtu bila ruhusa, iwe wimbo, nembo au mtindo wa nguo. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa kinachogeuza maana ni yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa. "They ripped me off": yambwa ni mtu, kwa hiyo katapeliwa. "They ripped off my bike": baiskeli imeibwa. Kama ulipigwa bei wakati wa kuinunua, sema "they ripped me off when I bought the bike". Na "they ripped off our logo" ni nembo kuigwa. Kiasi ulichopunjwa hutanguliwa na for: "ripped me off for fifty dollars".

Nomino hukaa popote: "ripped tourists off" au "ripped off tourists". Kiwakilishi lazima kiwe katikati. "Ripped off me" ni kosa. Wakati uliopita huandikwa kwa p mbili. Na usiisahau off: "he got ripped" ni kwamba amejenga misuli, au kwa lugha ya vijiweni, amelewa.

Nomino rip-off huandikwa kwa kistari na mkazo huangukia rip; kwenye kitenzi mkazo uko kwenye off. "What a rip-off!" hutamkwa hata pasipo utapeli wowote, bei tu imezidi, kama ya chupa ya maji uwanja wa ndege. Magazeti ya Uingereza hulalamikia bei za nchi yao kwa jina "rip-off Britain".

Kwenye barua rasmi ya malalamiko andika overcharge kwa bei, plagiarise kwa maandishi yaliyoibwa. Ana kwa ana na muuzaji, "you're ripping me off" ni kumwita mwizi. Kama bado unataka mpatane, "that's more than I expected to pay" inatosha.