Rekodi ya mchezaji wa hoki ya barafu wa Urusi: namna ya kuisoma

Rekodi ya mchezaji ni jedwali linaloonyesha misimu yote aliyocheza, timu alizochezea na alichofanya uwanjani. Kwa wanawake wa Urusi jedwali hili husomwa vibaya mara nyingi. Mtu huona mabao machache au pengo la miaka miwili, akahitimisha kwamba mchezaji alishuka kiwango. Mara nyingi pengo lile halimhusu yeye kabisa.

Tuanze na safu zenyewe. Kwenye kurasa za Kirusi hutajwa kwa herufi: И ni mechi alizocheza, Ш ni mabao, А ni asisti, О ni pointi, kisha hufuata +/− na Штр, yaani dakika za adhabu. Anayeanza kusoma huchanganya Ш na Штр. Ya kwanza ni ufupisho wa shayba, kile kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.62 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Warusi huhesabu mabao kwa kuhesabu visahani vilivyoingia golini. Msimu huandikwa kwa miaka miwili, kwa mfano 2015–16, maana ligi huanza vuli na kuisha mwaka unaofuata. Mchezaji akihama katikati ya msimu anapata mistari miwili, na anayesahau kuijumlisha anamnyang'anya nusu ya kazi yake.

Pointi ni jumla ya mabao na asisti. Bao moja ni pointi 1, asisti ni pointi 1, na kila bao linaweza kuzaa asisti mbili: ya aliyempasia mfungaji, na ya aliyetoa pasi kabla ya hiyo. Timu pinzani ikikimiliki kisahani hapo katikati, mnyororo umekatika na pasi za nyuma hazihesabiwi. Mwandishi rasmi wa mechi hurudia kutazama video, kwa hiyo asisti iliyotangazwa usiku inaweza kuhamishiwa mtu mwingine kesho yake. Usikimbilie kunakili takwimu za mechi iliyoisha saa moja iliyopita.

Idadi ya mechi kwa msimu imekuwa ikibadilika, kwa hiyo gawanya pointi kwa mechi. Pointi 30 katika mechi 24 ni 1.25 kwa mechi. Pointi 36 katika mechi 36 ni 1.00. Jumla ya wa pili ni kubwa, lakini wa kwanza ndiye aliyetisha zaidi.

Safu ya +/− ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Timu zikiwa na idadi sawa ya wachezaji, bao likifungwa, kila mchezaji wa ndani aliyekuwa kwenye barafu upande wa wafungaji anapata +1 na kila wa upande uliofungwa anapata −1. Kipa hahesabiwi. Timu ikiwa na watu watano dhidi ya wanne kwa sababu mpinzani ametolewa kwa adhabu, na watano wale wakafunga, hakuna anayepata chochote. Lakini wale wanne wanaocheza pungufu wakifunga wao, wote wanne wanapata +1 na watano wanabeba −1. Bao la penalti haliingii.

Tazama dakika ya mwisho ya mechi. Timu iko nyuma kwa bao moja, kocha anamtoa kipa na kumwingiza mshambuliaji wa sita. Anaowaweka kwenye barafu ni walio bora. Mpinzani ananyang'anya kisahani, anakipiga kutoka mbali, kinaingia golini pasipo kipa. Wote sita wanaandikiwa −1. Mchezaji bora wa timu dhaifu hupitia hali hii mara nyingi kwa msimu, na mwisho wake −12 inaonekana kama ushahidi kwamba hajui kukaba. Linganisha +/− ya mchezaji na ya wenzake wa timu ileile, si ya mchezaji wa timu bingwa.

Dakika za adhabu: kosa dogo ni 2, kubwa ni 5, utovu wa nidhamu ni 10. Kosa la dakika 2 huandikwa 2 hata kama mpinzani alifunga baada ya sekunde 15 na aliyeadhibiwa akarudi uwanjani mapema. Kwa makipa kuna jedwali lao: mikwaju 30, wameokoa 28, ni asilimia 93.3. Mabao ya kufungwa huhesabiwa kwa kila dakika 60, hivyo mabao 3 katika dakika 90 ni 2.00.

Sasa safu ya timu. Ligi ya wanawake ya sasa, ZhHL, ilianza 2015. Kabla ya hapo kulikuwa na ubingwa wa Urusi. Tornado ya Dmitrov ilichukua mataji mawili ya mwanzo, 2016 na 2017, kisha Agidel ya Ufa ikatwaa 2018 na 2019. Ligi ya Kanada ya CWHL ilipofungwa 2019, KRS Vanke Rays ya Shenzhen, China, iliyokuwa ikicheza humo, ilihamia ZhHL ikiwa na wachezaji hodari wa Amerika Kaskazini, na ikawa bingwa 2020. Kwa hiyo pointi za msimu wa 2019–20 na za 2016–17 hazikupatikana mbele ya wapinzani walewale. Vivyo hivyo kwa waliocheza vyuoni ng'ambo: Iya Gavrilova wa Krasnoyarsk alikuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Kanada 2015 akiwa Calgary, lakini mabao yale hayajumlishwi na ya ligi ya Urusi.

Rekodi ya timu ya taifa inahitaji kalenda mkononi. Chukua Olga Sosina, fowadi aliyezaliwa Almetyevsk, Tatarstan, Julai 1992. Amecheza Olimpiki nne. Vancouver 2010, akiwa na miaka 17, Urusi ilikuwa ya 6. Sochi 2014 pia walimaliza wa 6, lakini Desemba 2017 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliyafuta matokeo ya timu kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku, hivyo nafasi haionekani tena. Pyeongchang 2018, yeye akiwa nahodha, walikuwa wa 4 baada ya kufungwa 3–2 na Finland wakiwania shaba. Tafuta chini ya OAR (Wanariadha wa Olimpiki kutoka Urusi), si Urusi, kwa kuwa jina la nchi lilikuwa limezuiwa. Beijing 2022, wa 5, tafuta chini ya ROC (Kamati ya Olimpiki ya Urusi). Katikati kuna shaba mbili za Kombe la Dunia: Ottawa 2013 na Kamloops 2016.

Mbona hakuna Kombe la Dunia la 2014 wala 2018? Kwa miaka mingi ngazi ya juu ya wanawake haikuchezwa mwaka wa Olimpiki. Mashindano ya 2003 yaliyopangwa Beijing yalivunjwa na SARS, ya 2020 yakavunjwa na korona. Hapo hakuna mchezaji aliyeachwa nje ya kikosi. Pengo la kweli ni kama la Yekaterina Pashkevich: Olimpiki ya 2002, halafu Sochi 2014 akiwa na miaka 41.

Kubwa kuliko yote ni la 2022. Tarehe 28 Februari mwaka huo shirikisho la kimataifa, IIHF, lilizifungia timu zote za Urusi na Belarus. Kwa wasichana hali ilikuwa imeanza mapema: Kombe la Dunia la chini ya miaka 18 la mwisho kuchezwa na Urusi ni lile lililomalizika Januari 2020, walipopata shaba, kwa kuwa la 2021 lilifutwa. Mchezaji aliyezaliwa 2006 anaweza kuwa miongoni mwa wafungaji bora wa ligi, na safu yake ya timu ya taifa ikawa tupu kabisa. Huyo mpime kwa pointi kwa mechi, kwa mechi za mchujo ambako wapinzani dhaifu wameshatolewa, na kwa kuangalia kama wenzake wa msimu huohuo wanaofunga sana ni wa timu yake au wa timu nyingine.