Lahaja ya ndege ni nini?

Ndege wa spishi moja wakiishi mbalimbali huweza kuimba tofauti. Namna ya kuimba inayowaunganisha wa eneo moja na kuwatenga na wa eneo jingine ndiyo lahaja yao.

Kwanza tutenge mlio na wimbo. Mlio ni mfupi, wa kutahadharisha au kuitana, na aghalabu ndege huzaliwa nao. Wimbo una mpangilio, nao hulinda himaya na kuvuta mwenzi. Tena ili lahaja iwepo, lazima wimbo uwe wa kujifunza. Kuwika kwa jogoo hakufundishwi, kwa hiyo jogoo hana lahaja ya aina hii.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa ndege mdogo wa Amerika Kaskazini, mwenye milia myeusi na myeupe utosini. Mtafiti Peter Marler alionyesha kwamba kinda wake hunasa wimbo akiwa na umri wa siku 10 hadi 50 hivi. Miezi baadaye huanza kubabaika, akilinganisha sauti yake na ile anayoikumbuka, hadi wimbo ukae sawa. Asiposikia wakubwa, wimbo huwa na kasoro. Akiwa kiziwi kabla ya kufanya mazoezi, huharibika zaidi.

Lahaja huzaliwa kwenye unakili huo, maana haukosi makosa. Silabi moja hudondoka, nyingine hurefuka. Majirani wakiiga kosa, basi si kosa tena.

Mazingira nayo huchuja nyimbo. Ngurumo za magari ni sauti nzito, hivyo hufunika noti za chini. Mwaka 2020, barabara za jiji la San Francisco, Marekani, zilipotulia, ndege hao hao wenye milia utosini walipunguza ukubwa wa sauti, na bado walisikika mbali zaidi.

Tahadhari: tofauti kati ya ndege wawili haitoshi kuitwa lahaja. Wapo wenye wimbo mmoja tu, na wapo wenye zaidi ya 1,000. Rekodi madume kadhaa kila eneo, nyimbo kadhaa kwa kila mmoja, msimu uleule, kisha linganisha michoro ya sauti. Usiwachezee rekodi mara kwa mara ili waitikie: dume hudhani amevamiwa, akaacha kula ili amsake adui asiyekuwepo.