Shanga za Haudenosaunee na mpaka wa jadi na kisasa

Kazi yangu ni kutunza vitu vya shanga na nyuzi makumbusho. Kuna jambo linaniuma kila maonyesho ya kuwaenzi wasanii wa Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini (Watuscarora, Waoneida, Wamohawk na wengine) ambao wengi mnawajua kama Iroquois, yanapoandaliwa: kazi za jadi chumba hiki, za kisasa chumba kile.

Chukua mto mdogo wa kuchomekea sindano wa karne ya 19, uliouzwa na mama wa Kituscarora kwa watalii wa maporomoko ya Niagara. Shanga zake ni za kioo kutoka Ulaya. Mji wa Venice, Italia, uliuza shanga huko kama ulivyouza Unguja. Lakini uinamie kwa ubavu. Ua halikulala juu ya mahameli, limeinuka. Mshonaji alikata umbo la ua kwa karatasi, akalibandika, kisha akatunga kwenye uzi shanga nyingi kuliko nafasi ya kuvuka. Akichoma sindano ng'ambo ya pili, shanga hukosa pa kulala, zikajikunja kwenda juu. Yule mama alikuwa msanii wa wakati wake, akifuata soko la siku zile. Sisi ndio tuliomwita wa jadi baadaye.

Karen Ann Hoffman, Mwoneida wa Wisconsin, hushona kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2020 alipewa tuzo ya taifa ya Marekani kwa sanaa za jadi. Naye Shelley Niro, Mmohawk wa jamii ya Six Nations, Ontario, Kanada, mwaka 1991 aliwapiga picha dada zake wakiwa na furaha tele mjini Brantford, kisha akazipaka rangi picha hizo kwa mkono. Nani kati yao ni wa chumba kipi?

Kwenye vikapu, ninayemvulia kofia ni Mary Adams (1917–1999), Mmohawk wa Akwesasne, eneo la Wamohawk mpakani mwa Marekani na Kanada. Kikapu chake cha mwaka 1986, chenye ghorofa kama keki ya harusi, kiko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Chane za vikapu hivyo hutoka kwenye mti uitwao black ash, uotao penye majimaji: gogo hupondwapondwa mpaka pete za ukuaji ziachane, moja moja. Mti huo sasa unaangamizwa na mdudu wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002. Watu wa Akwesasne wanakusanya mbegu na kuotesha miche. Makumbusho yanayowatuza wasusi yachangie na vitalu hivyo.