Mche wako tumeuona, sasa shika jembe: dhana potofu kuhusu kujitolea msituni Karura

Mvua zikikaribia, Msitu wa Karura hapa Nairobi hupokea wageni wengi wenye nia njema. Wanashuka kwenye mabasi, fulana zimefanana, kila mtu na mche wake mkononi. Wanapanda, wanapiga picha, wanakunywa soda, wanaenda zao. Ukimwomba mmoja wao arudi Jumamosi ijayo kuzibua mitaro, anakutazama kana kwamba umemvunjia heshima.

Sidhani ni uvivu. Msitu huu una takriban hekta 1,041 na njia zipatazo kilomita 50 za watembeaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli, na njia hizo ndizo zinazobeba uzito wa umati wote unaokuja wikendi. Ila wengi wetu hatujawahi kuelezwa njia inaharibika vipi, kwa hiyo tunasaidia kwa kukisia. Na kukisia kuna hasara zake.

"Kutunza msitu ni kupanda miti"

Dhana hii haikutoka hewani. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walikuja hapa kupanda miti kupinga ardhi ya msitu kugawiwa watu binafsi, wakavamiwa na kundi la wanaume wa kukodiwa, naye akaumizwa kichwani. Agosti ya mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Siku zile kupanda mche mmoja kulikuwa ni kusema mbele ya watu kwamba ardhi hii ni ya umma, na kulihitaji moyo.

Leo msitu una uzio, umma umekuwa ukiingia tangu 2011, na kazi zimebadilika. Sehemu kubwa ya kurudisha msitu wa asili ni kuondoa, wala si kuongeza: kuondoa mikaratusi iliyoletwa enzi za ukoloni kwa ajili ya kuni za garimoshi, na kung'oa lantana, mgeni kutoka Amerika anayesongamana chini ya miti hadi mche wa asili ukose pa kuchomoza. Na huo mche uliopandwa na wageni wa fulana utahitaji palizi kwa miaka yake ya kwanza, la sivyo magugu yataumeza. Muhugu, mti wa asili wa hapa, haukui kwa haraka ya binadamu. Anayekuja mara moja na mche akatoweka amefanya sehemu iliyo rahisi kuliko zote.

Kisha kuna njia zenyewe, ambazo watu hudhani ni starehe ya wageni tu na haziuhusu msitu. Sivyo. Njia iliyo imara na inayopendeza kupitika huwaweka watu wote kwenye ukanda mmoja mwembamba na kuacha sehemu nyingine zote bila kukanyagwa. Mguu wa mtu hushindilia udongo; nafasi ndogondogo za hewa na maji hufungwa, mizizi ya juujuu hukosa pumzi, na maji ya mvua yaliyokuwa yakizama ardhini huanza kutiririka juu. Njia ikiwa mbovu watu huikwepa, na kila anayekwepa huongeza eneo la kukanyagwa. Kwa hiyo kukarabati njia ni kulinda msitu moja kwa moja, hata kama hakuna mche unaoonekana kwenye picha.

"Pakiwa na tope, pita pembeni"

Hapa ndipo penye uharibifu mkubwa, nao unafanywa na watu wastaarabu kabisa. Tazama inavyokuwa mwezi wa Aprili. Udongo wa upande huu wa Nairobi ni ule mwekundu, mzito, wenye mfinyanzi. Ukilowa hunata kwenye kiatu hadi mguu uwe mzito. Kidimbwi kimoja kinatokea katikati ya njia. Wa kwanza anapita kushoto, juu ya majani. Wa pili anaona alama za wa kwanza naye anazifuata. Baada ya siku chache majani ya kushoto yamekufa na pale nako ni tope, basi watu wanahamia kulia. Mvua zinapoisha, njia iliyokuwa ya watu wawili kupishana imekuwa pana kiasi cha kupitisha pikapu, na miche michanga iliyojiotea yenyewe kandokando imelala chini.

Pita katikati ya tope. Ndiyo, mama, viatu vitachafuka. Vaa gambuti, au nenda siku ya jua. Viatu huoshwa, ukanda uliokanyagwa na kushindiliwa unaweza kuchukua miaka kupona. Na kama njia imefungwa kwa muda kwa sababu ya mvua, kuiheshimu hiyo kamba ni kujitolea pia, tena kusikotoa jasho.

Dhana pacha ni kwamba dawa ya kidimbwi ni kukijaza: lete wilibaro ya kifusi, mwaga, shindilia, kwisha. Ukifanya hivyo bila kuyatoa maji kwanza, umeyahamisha tu. Yatakaa mbele au nyuma ya kifusi chako, yataloanisha udongo ulio chini yake, na msimu ujao mawe yatakuwa yameanza kuzama. Mtu anayeijua kazi hii akifika kwenye kidimbwi haangalii shimo. Anaangalia upande wa mlima, maji yanakotoka, na upande wa bonde, kwa nini hayatoki.

Mara nyingi jibu la swali la pili ni tuta dogo ambalo hakuna aliyelijenga. Miguu huididimiza katikati ya njia mwaka hadi mwaka, udongo na majani hujikusanya ukingoni upande wa chini, na njia hugeuka kuwa mfereji. Kazi ya kawaida kuliko zote, na isiyo na sifa, ni kuuvunja ukingo huo kwa jembe ili maji yaipite njia kwa kukatisha badala ya kusafiri nayo.

Pale ambapo mteremko ni mrefu huchimbwa mwinamo wa kutoa maji. Si mtaro mwembamba wa kumvunja mkimbiaji kifundo. Ni bonde la kina kifupi, refu kwa hatua kadhaa, lililolala mshazari kuvuka njia, na mdomo wake ukifunguka upande wa bondeni. Mdomo lazima uwe mpana, na uwe chini kuliko mahali pengine pote pa mwinamo. Ukikosea hapo, matope yanatuama na kuuziba kwa mvua moja. Udongo uliochimbwa hupelekwa upande wa chini wa njia inayoteremka na kushindiliwa uwe kilima kidogo cha kuyazuia maji yasiendelee. Kosa la wanaojitolea kwa mara ya kwanza ni kuutupa udongo huo palepale mdomoni, kwa sababu ndipo ulipo karibu, na hivyo wanajenga upya lile tuta walilokuja kulivunja. Kabla ya kuhesabu kazi imekwisha, mwaga ndoo ya maji juu ya mwinamo. Yakitoka yote, sawa. Yakisita, rudi kwenye jembe.

Mantiki yake ni hii: maji yakiongeza kasi maradufu, nguvu zake huwa mara nne. Kwa hiyo huusubiri mtiririko uwe mkubwa ndipo upambane nao. Unautoa njiani ungali mdogo, tena na tena.

"Njia iliyonyooka ndiyo njia nzuri"

Kwa mwenye haraka, labda. Njia inayopanda kilima wima ndiyo hasa ambayo maji yangeichagua, na maji hayana breki. Wajenzi wa njia wana kanuni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe. Kilima kikipanda mita 20 kwa kila mita 100, njia ipande zisizozidi 10. Ndiyo maana njia nzuri huzunguka na kujikunja, na ndiyo maana kukata kona kwa njia ya mkato, hata kama unaokoa nusu dakika tu, ni kuyachorea maji barabara ya kushukia. Kuziba mikato hiyo kwa matawi makavu na kuruhusu majani yaote tena ni kazi nzuri kwa asiyeweza kushika sururu.

"Njia safi ni iliyofagiliwa"

Hii imenichekesha na kunisikitisha. Tumelelewa kwamba uwanja wa nyumba uliofagiliwa ni dalili ya adabu, basi mtu anajitolea, anapewa reki, anaondoa kila jani hadi udongo unang'aa. Msitu si uwanja. Majani makavu huyapokea matone ya mvua kabla hayajaupiga udongo, na wanyama wadogo wasiohesabika hula humo. Reki itumike kwenye midomo ya mitaro, ambako majani huziba. Kwingine yaache.

Ni hivyohivyo kwa mti ulioanguka. Gogo linalooza ni nyumba ya kuvu, ya mende, ya ndege wanaowatafuta hao mende. Linakatwa kipande kilichoziba njia na kusogezwa kando, basi. Na usilikate wewe. Wasiliana na walinzi, maana sheria ya misitu hairuhusu mtu kukata wala kuchukua mti msituni bila idhini, nia yake iwe njema kiasi gani. Namkumbuka bwana mmoja aliyefika na panga lake amelinoa vizuri, tayari "kufungua" kijia kipya kuelekea mtoni. Moyo alikuwa nao. Kijia kipya ndicho kitu cha mwisho kabisa msitu wa mjini unachohitaji.

Taka, mnajua tayari. Niongeze moja tu: ganda la ndizi nalo ni taka. Kima wa Karura wakishajifunza kwamba njia ina chakula, watakaa njiani kuwasubiri watoto wenye biskuti, na lawama zitamwangukia kima.

Wenye kutembea hupenda kuwatupia waendesha baiskeli lawama zote. Tafiti zilizolinganisha miguu, magurudumu na kwato katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba baiskeli kwa kawaida haziharibu zaidi ya miguu, na kwamba kwato za farasi hutifua udongo kuliko vyote viwili. Mteremko na unyevu vina uzito zaidi kuliko aina ya mpitaji. Anayefunga breki na kuburuza gurudumu kwenye mteremko uliolowa anaharibu, hilo halina ubishi. Lakini na wewe unayekwepa tope kwa viatu vyako vyeupe unaharibu.

"Si kuna KFS?"

Kuna Shirika la Huduma za Misitu, ndiyo, na msitu ni wa umma chini yake. Lakini tangu Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, jamii zinazopakana na msitu zinaweza kuunda chama na kushiriki katika usimamizi. Chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilizaliwa katika utaratibu huo. Kabla ya hapo Karura ilikuwa na ulinzi wa serikali kwenye karatasi, na bado watu waliiogopa kama mahali pa majambazi. Uzio ulisaidia, skauti, yaani vijana walioajiriwa kuulinda msitu, walisaidia, na zaidi ya hapo ilisaidia kwamba watu wa kawaida walianza kupita humo kila siku. Ni vigumu kuiba ardhi inayotembelewa na umati.

Swali la haki zaidi ni hili, nami nalisikia hasa kwa vijana: nikifanya bure, si namnyang'anya mtu mkate? Msitu umepakana na mitaa ya kitajiri ya Muthaiga na Runda, lakini umepakana pia na Huruma, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na kuna vijana wa mitaa ya chini kama huo waliopata ajira ya kuulinda na kuutunza. Kama kujitolea kungetumika kuwapunguza hao, ningekuwa wa kwanza kupinga. Ila kazi ya njia haina mwisho, na walioajiriwa hawawezi kuwa kila mahali wakati wa mvua. Mgawanyo unaofaa ni wao kuongoza na sisi kubeba. Skauti anajua ni mtaro gani huziba kwanza. Profesa aliyekuja na glavu mpya hajui, na afadhali amsikilize kijana huyo.

Kuna wanaodhani pia kwamba hii ni kazi ya wenye misuli. Njia hukaguliwa kwa macho. Mzee mwenye mwavuli, anayetembea polepole mvua ikinyesha, aone maji yanapoingia njiani na yanapogoma kutoka, aandike namba ya makutano iliyo karibu na kuwapelekea walinzi taarifa, amefanya jambo ambalo timu nzima yenye majembe haiwezi kulifanya Januari ardhi ikiwa kavu. Kidimbwi hakijionyeshi kiangazi.

Kwa hiyo kama unataka kuja, usije kabla ya kuuliza getini ni siku gani kuna kazi na nani anaisimamia. Beba maji, glavu na viatu usivyovionea huruma. Kisha rudi kabla ya mvua za vuli za Oktoba, kwenye mwinamo uleule uliouchimba, uondoe majani mdomoni. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na ndiyo inayokosa watu.